Hatunaye Tangu Jana

Turubai lilifika kabla jua halijapanda. Nilikuwa uani napuliza mkaa wa chai, nikasikia mkokoteni umesimama mbele ya nyumba na wanaume wanashusha mabomba ya chuma. Mlio ule mtaa mzima tunaujua. Ni mabomba ya turubai la chama chetu cha kufa na kuzikana, na hapa Ngamiani yakigonga alfajiri kila mwanamke huacha alichoshika akauliza: leo kwa nani? Nikajitanda kanga ya pili nikaenda kufungua mlango, nijue msiba uko nyumba ipi nami nijiandae.

Mwenyekiti wa chama alikuwa amesimama barazani kwangu. Hakunitazama usoni. "Mwalimu," akasema, "pole sana. Mwenyezi Mungu akutie subira."

Nikamwuliza pole ya nini. Akawageukia wenzake, akanirudia. "Ya Mzee wa Reli."

Mzee wa Reli ni mume wangu. Alikuwa ameondoka Ijumaa baada ya sala kwenda shambani kwetu Pongwe, kwa baiskeli, na simu yake ilikuwa haipatikani tangu usiku ule. Hii ilikuwa Jumapili. Watu wazima saba wamesimama mlangoni wananiambia mume wangu amefariki, na mimi sina habari yoyote ya kuwapinga nayo. Nilikaa kizingitini. Mkononi bado nilikuwa na kipepeo cha mkaa.

Mambo haya yalianza miaka miwili nyuma yake, na yalianza usiku. Baba watoto alikuwa akiamka kwenda chooni mara moja, ikawa mara mbili, ikafika mara nne. Hakusema kitu. Mimi ndiye niliyekuwa nikihesabu, nimelala nimeelekea ukutani, nasikiliza maji ya choo. Nikamwambia aende akapimwe, akasema ni uzee. Aliponikubalia walimpima damu, kile kipimo cha PSA, ikaja 6.1. Wakatupeleka Dar es Salaam kwa daktari wa njia ya mkojo, akachukuliwa vipande 12 vya nyama kwenye tezi dume, vyembamba kama uzi wa kushonea. Vipande 2 kati ya 12 vilikutwa na saratani.

Daktari alieleza kwa nusu saa. Mimi nilitoka pale nimesikia neno moja tu.

Na hata alama aliyoitaja niliisikia kialimu. Alisema 6, kwenye kipimo kinachoishia 10. Nimesahihisha daftari za watoto miaka 34. Kwangu mimi 6 kati ya 10 ni mtoto aliyekwisha kuvuka nusu. Nikahesabu kwamba ugonjwa umemla zaidi ya nusu. Ilinichukua safari ya pili kuelewa. Kipimo kile kina jina la daktari wa Marekani, Donald Gleason, aliyekitunga miaka ya 1960. Mwanzo kilianzia 2, lakini siku hizi kwenye vipande vya tezi dume zile alama za chini haziandikwi tena. Kwa hiyo 6 ndiyo ya chini kabisa mtu anayoweza kupewa akiambiwa ana saratani. Wapo hata madaktari, Marekani na kwingineko, wanaojadiliana kama kitu cha alama hiyo kiendelee kuitwa saratani au kitafutiwe jina jingine. Natamani wangelipata jina hilo kabla hatujaingia chumba kile.

Daktari hakuandika dawa wala tarehe ya upasuaji. Alisema tutafuatilia: damu kila miezi 6, kupimwa tezi kwa kidole mara moja kwa mwaka, picha ya MRI, na vipande vingine baada ya mwaka. Kikionyesha kusogea, tutatibu, na wakati huo bado kitatibika. Mume wangu akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa treni imechelewa. Mimi nikauliza, sasa kwa nini tusikitoe leo?

Njiani kurudi Tanga basi lilisimama kidogo baada ya Chalinze, abiria wakachimbe dawa. Alirudi kwenye kiti akifunga mkanda wa suruali, akakaa kimya mpaka tukalipita daraja la Wami. Ndipo akasema, "Unajua saratani kwa Kiarabu ni nani? Ni kaa. Yule yule wa kwenye mikoko." Nikamwuliza anataka kusema nini. "Kaa wangu yumo shimoni. Daktari anasema wengine hawatoki humo mpaka mtu anakufa na mambo yake mengine."

Nilimjibu vibaya. Yaliyotoka kinywani mwangu nikiwa nimekaa karibu naye hivyo, bega kwa bega, ninayaandika kwa sababu nadhani wake wengi wameyasema au watayasema. Daktari alikuwa ametueleza wazi kwamba upasuaji na mionzi vinaweza kumwacha mwanamume mkojo unamvuja, na mambo ya chumbani yasiwe kama yalivyokuwa. Nikamwambia, "Kwa hiyo unataka kuniacha mjane kwa ajili ya uanaume." Hakunijibu. Tulipofika Segera alishuka akaninunulia machungwa, akayamenya mwenyewe moja moja, akanipa. Tulifika nyumbani hatujasema neno jingine.

Safari ya pili nilikwenda na maswali yangu nimeyaandika kwenye karatasi. Daktari akanieleza utafiti mkubwa wa Uingereza. Wanaume 1,643 wenye saratani ya tezi dume ambayo haijatoka nje ya eneo lake waligawanywa kwa bahati nasibu mafungu matatu: kupasuliwa, kupigwa mionzi, na kufuatiliwa. Matokeo ya miaka 15 yalitangazwa mwaka 2023. Katika kila fungu, kama watu 97 kati ya 100 hawakuwa wamekufa kwa saratani ile. Nilimwuliza, hakuna tofauti yoyote? Akasema ipo, na hakuificha. Waliofuatiliwa, ilisambaa kwa watu 9 kati ya 100. Waliotibiwa mapema, 5 kati ya 100. Na katika wale wa kufuatiliwa, kama 6 kati ya 10 waliishia kutibiwa baadaye. Kisha akaongeza jambo lililonifanya nimwamini zaidi kuliko takwimu zote: karibu wanaume wote wa utafiti ule walikuwa wazungu, na watu weusi ugonjwa huu huwapata zaidi na kuwaua zaidi. Kwa hiyo, akasema, mume wako nitamwangalia kwa jicho kali kuliko walivyoangaliwa wale, na MRI ambayo wao hawakuwa nayo, na siku nikikwambia basi, msibishane nami.

Nikakunja karatasi yangu. Nilikuwa nimeelewa. Lakini kuelewa mchana ni kitu kimoja, na saa nane za usiku ni kitu kingine.

Yeye alijitafutia njia yake. Zaidi ya miaka 30 alikuwa karani wa stesheni, kazi yake kuandika treni ipi imeingia saa ngapi na imetoka saa ngapi. Alinunua kaunta buku jipya, akalipiga mistari kwa rula: tarehe, namba ya damu, maelezo. Ukurasa wa kwanza una mwandiko wa duara wa watu wa zamani: "6.1. Kaa yumo shimoni." Miezi 6 baadaye: "5.8. Yumo." Kisha: "6.0. Vipande vimerudiwa. Yumo." Akishaandika hulifunga, hulirudisha juu ya kabati, na kwa miezi mitano hulisikii jina la ugonjwa ndani ya nyumba. Anapanda baiskeli yake, anapalilia mihogo Pongwe, anagombana na watu kwenye bao.

Ule mwezi wa sita ndio mzito. Wiki moja kabla ya kipimo chakula hubaki kwenye sahani. Hukasirika mlango ukifungwa kwa nguvu. Mimi nami hurudia kuhesabu maji ya choo usiku, na asubuhi tunaulizana kama wageni, umelala vizuri? Nimelala vizuri, wewe je? Hakuna aliyelala.

Na hatukumwambia mtu. Watoto tuliwaambia nusu. Majirani hawakujua kabisa, kwa sababu tuliwaza: ukisema una saratani watakuuliza unatibiwa wapi, na ukisema hutibiwi watadhani umekosa pesa au umekata tamaa. Watakuletea mlonge, watakuletea mizizi ya kuchemsha, watakutafutia mtu Lushoto anayeponya. Watakuwa wanakupenda, na hutakuwa na jibu.

Kipimo cha nne kikaja 8.4.

Ilikuwa Alhamisi. Daktari wa Dar alisema kwa simu kwamba namba moja peke yake haihukumu mtu, turudie baada ya wiki 6. Akauliza kama mzee ana maambukizi ya mkojo, kama alikutana na mkewe siku mbili za karibu, kama ameendesha baiskeli. Mume wangu alijibu hapana kwa yote, haraka haraka, simu akanirudishia. Hakulitoa daftari kabatini. Kesho yake baada ya Ijumaa akafunga jembe kwenye baiskeli akasema anakwenda kulala shamba.

Jioni ile nilishindwa. Nilikwenda kwa wifi yangu, dada yake mkubwa, nikamwaga yote. Wifi yangu ni mwanamke mwema. Alinikamata mikono, akalia nami, akaniambia siri hii haitoki. Nami najua aliposema hivyo alimaanisha. Lakini mapenzi yake kwa mdogo wake ni makubwa kuliko kifua chake. Usiku ule ule alimwambia mwanawe aulize gharama za India. Mwanawe akafungua kundi la WhatsApp la mchango wa matibabu, akawaingiza ndugu wa Tanga, Korogwe, Mombasa na binamu yao wa Muscat. Mpaka Jumamosi jioni ilikuwa imeshaahidiwa shilingi 1,870,000. Mimi sikuwemo kwenye kundi. Walitaka kunishangaza kwa furaha.

Jumamosi usiku binamu wa Muscat akaandika akiomba azungumze na mgonjwa. Yule kijana, aliyekuwa amepita kwetu akaikosa baiskeli ukumbini, akajibu kwa maneno manne: "Mzee hatunaye tangu jana."

Alimaanisha hayupo nyumbani, amekwenda shamba. Lakini kwetu neno hilo lina mlango mmoja tu. Ukisema fulani hatunaye, watu wanasema inna lillahi. Na walisema. Wengine walishangaa amefariki tangu jana na hawakuambiwa, wakahamaki, wakapigiana simu. Saa kumi na moja alfajiri mwenyekiti wa chama alikuwa anatafuta mkokoteni.

Hayo yote tuliyafumbua baadaye. Pale kizingitini mimi nilijua jambo moja: amekwenda shamba na namba 8.4 moyoni, na sasa wananiambia amekufa. Kijana mmoja alitumwa na bodaboda Pongwe kuthibitisha. Wanawake waliingia, wakageuza makochi, wakatandika mikeka. Nikawekwa katikati. Nilianza kumlilia mume wangu. Nililia kwa yale ya kwenye basi, kwa machungwa aliyoyamenya, nikamwomba radhi kwa sauti mbele ya watu ambao hawakujua ni radhi ya nini. Jirani yetu ambaye ni nesi aliniona nimebadilika rangi, akanifunga kitambaa cha presha mkononi. 190 kwa 110. Presha ninayo mwaka wa 11 sasa. Dawa za asubuhi nilikuwa sijameza.

Kijana wa bodaboda alipita barabara kuu. Mume wangu alikuwa anarudi kwa njia za ndani, polepole, nazi sita kwenye kapu la nyuma. Wakapishana.

Ilikuwa inakaribia saa nne alipokata kona ya barabara yetu. Waliokuwa nje wananisimulia. Aliona turubai, akaona limesimama mbele ya nyumba yake, akaona wanawake wenye kanga wanaingia mlango wake. Watu walipomwona wao waliganda, hakuna aliyeweza kufungua kinywa. Na yeye kutokana na ule ukimya wao akaelewa kitu kimoja. Akaiachia baiskeli ikaanguka yenyewe, nazi zikabingirika mpaka mtaroni. Akaanza kuita. Hakuliita jina langu. Aliita "Mwalimu! Mwalimu!" kama anavyoniita siku zote akitaka chai.

Nilimsikia. Nikanyanyuka na kitambaa cha presha kikining'inia mkononi. Tulikutana ukumbini kwenye mikeka, viatu vyake vina udongo wa shamba, na tulishikana pale mbele ya watu wote, jambo ambalo wazee wa huku hatulifanyi. Alikuwa anatetemeka mwili mzima. Aliniambia sikioni, "Nilidhani ni wewe. Miaka miwili nimejiandaa mimi, sikujiandaa wewe."

Hakuna aliyeondoka. Mchele ulikuwa umeshaingia sufuriani, na chakula cha watu hakimwagwi. Sheikh wa mtaa akasoma dua ya shukrani. Kijana wa kundi la WhatsApp alijificha nyuma ya tangi la maji mpaka mjomba wake mwenyewe alipomfuata akamleta kwa mkono, akamkalisha pembeni yake, akala naye sahani moja. Kisha mume wangu akasimama chini ya turubai lake na akawaambia. Neno lenyewe, namba zenyewe, na kwamba hatibiwi, anaangaliwa, na kwamba hilo ndilo alilolichagua.

Kukawa kimya. Ndipo shangazi yake, mwanamke wa miaka 80 na kitu, akauliza kutoka kwenye mkeka: "Sasa baba, ugonjwa wa namna hii tuujie na nini? Mgonjwa wa kitandani tunamjia na uji. Msiba tunaujia na mchele. Wewe huu wako tuje na nini?"

Swali lile bado ninalo. Nimekaa na watu katika uzazi, katika homa, katika kufiwa. Kila kimoja najua nivae nini, nibebe nini, nikae muda gani. Kwa mtu anayengoja, hatukuachiwa desturi yoyote. Ndiyo maana tulijifungia wawili tukangoja gizani, na ndiyo maana waliposikia wao walichukua desturi iliyokuwa karibu na mkono, ambayo ni mabomba na turubai. Sikuwalaumu hata mmoja wao.

Mume wangu alifikiri, akasema, "Shangazi, njooni na kahawa."

Wakaja. Sasa kila Alhamisi baada ya Isha wanakaa barazani kwetu wanaume sita au saba, birika la shaba juu ya makaa, kashata, na bao. Wiki ya kipimo wanakuja kila siku, na hakuna anayeuliza kitu. Wawili kati yao wamekwenda kupimwa wenyewe. Mchango ulitutesa kidogo, kwa sababu pesa ya mchango kuirudisha ni kumtukana mtoaji. Wazee wakaamua iliyokwisha kutolewa iwekwe kwenye kasha la chama, ilipie vipimo na nauli za Dar za mwanachama yeyote, yeye wa kwanza.

Usiku wa Jumapili ile, watu walipokwisha kutoka, aliniambia ukweli. Siku moja kabla ya kutoa damu alikuwa amekwenda Pongwe na kurudi kwa baiskeli, kilomita kama 30, na mzigo. Daktari alikuwa amemkataza tangu mwanzo, kwa kuwa tandiko hukandamiza pale pale na namba inaweza kupanda. Aliona haya kukiri kwenye simu. Nikampigia daktari asubuhi nikamwambia mimi. Akasema huenda ndiyo, huenda siyo, tungoje zile wiki 6.

Siku mbili kabla ya kipimo nilifunga baiskeli kwa mnyororo kwenye nguzo ya uani, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Tulikwenda maabara kwa miguu. Ilikuja 6.3.

Aliposhusha daftari kabatini niliona ameongeza mstari kwa rula upande wa kulia, mpya, wino wake mweusi zaidi. Juu yake ameandika "Mwalimu". Namba ya kwanza chini yake ilikuwa 190 kwa 110, na tarehe ya ile Jumapili. Alikuwa amenunua mashine ndogo ya presha bila kuniambia. Akavuta kiti, akanikunja mkono wa gauni, akafunga kitambaa huku akihema kidogo kama afanyavyo akiwa na kazi makini.

"Usizungumze," akasema. "Ukizungumza inapanda."

Nikanyamaza. Mashine ikavuma, ikalegea. 142 kwa 88. Akaandika, akaweka nukta, akanitaka nimpe ufunguo wa baiskeli.